Uzi Ulivyokula Jino la Fundi

Benchi langu la kahawa linabeba watu wanne wakibanana, na maneno ya watu arobaini. Asubuhi hiyo alikuwepo Redio, kinyozi asiyepitwa na habari. Kamanda, mlinzi mstaafu. Na Fundi, mshonaji, anayekata uzi kwa meno tangu ujana wake. Uzi ukamla jino la mbele taratibu, mwisho likamegeka. Tangu hapo akipiga mluzi, hautoki. Nanyi mjue, mkewe haoni. Miaka sita anamtambua mumewe alipo kwa mluzi ule.

— Daktari kasemaje? nikamuuliza Fundi.

— Haling'oi, bibi. Anakwangua palipooza tu, kidogo hivi. Anajaza dawa laini ya rangi ya jino, anaimulika kwa taa ya buluu, inakuwa ngumu papo hapo.

— Papo hapo! Redio akacheka. Kitu laini kama unga uliokandwa, uje unywee kahawa ya bibi? Kitayeyuka, ukimeze!

— Afadhali akimeze, Kamanda akadakia. Mimi naihofia taa. Inayokausha jino, ubongo itauacha? Si uko hapo juu tu, ghorofa ya pili?

— Mnanitisha, jamani.

— Tunakupenda, bwana, Redio akasema. Binamu yangu alizibwa jino, sasa akipiga miayo chumba kizima kinang'aa.

— Muongo wewe!

— Nife hapa!

Nikawakatiza. — Mama yangu meno yake yaliondoka kwa koleo, moja moja. Alikuwa akisema, "Laiti lingebaki hata moja la kumchekea baba yenu." Mwacheni mwenzenu aende.

— Nitaenda wiki ijayo, bibi, Fundi akasema, kama alivyosema wiki iliyopita.

Mara mkewe akatokea, fimbo mkononi, akipapasa ukuta. Alikuwa ametoka kibandani kwa Fundi, hakumkuta. Wote wakanyamaza kwa heshima. Akasimama hatua mbili tu kutoka kwa mumewe.

— Samahanini, baba zangu. Mume wangu yupo hapa?

Redio akatazama viatu vyake. Kamanda akakoroga kikombe kitupu. Fundi akafumbua mdomo apige mluzi, akaufumba, machozi yakimlengalenga.

Kisha akainuka, akauchukua mkono wa mkewe, akauweka begani kwake.

— Nipo, mama watoto. Nakusubiri unipeleke kwa daktari.

— Leo?

— Sasa hivi, kabla hawa hawajaanza tena.