Balozi Sanga na Mahindi ya Magarini

Mchungaji, wazee wa ukoo, wageni wetu mliotoka Nairobi na kuketi chini ya hema lile lenye mapazia, na nyinyi majirani mliokosa viti, shikamooni wakubwa zangu. Naitwa Kahaso Kambi, dada yake marehemu, kitinda mimba wa mama yetu, na familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha ya ndugu yetu. Ofisi yake ya zamani ilituletea historia iliyokwisha kuandikwa, kwa Kiingereza kilichonyooka, nikaisoma yote na sikumkuta ndugu yangu ndani yake, kwa hiyo nitasoma hii yangu, na atakayechoka na ainuke, hakuna atakayemzuia.

Marehemu Balozi Emmanuel Sanga Kambi alizaliwa tarehe 14 Machi 1957 hapa hapa Magarini, mtoto wa kwanza wa marehemu mzee Kambi na marehemu mama yetu Sidi, akafuatwa mwaka 1960 na Kahindi, yule mnayemwona kule nyuma karibu na zizi la mbuzi, aliyeketi huko kwa hiari yake, kisha nikaja mimi. Tangu utotoni Sanga alipenda kuamua ugomvi, nasi tulimpelekea, maana aliamua vizuri na alikuwa na maneno laini, lakini ugomvi wake mwenyewe hakupata hata siku moja kuupeleka kwa mtu.

Alianza masomo mwaka 1964 katika shule ya msingi ya hapa kijijini, akaendelea na sekondari, na mwaka 1974, baba alipoona mikono ya shambani haitoshi, ni Kahindi aliyetolewa shuleni akiwa darasa la saba ili kaka yake abaki na vitabu. Sanga alihitimu chuo kikuu Nairobi mwaka 1981, na tarehe 4 Januari 1982 aliajiriwa katika utumishi wa nchi za nje, kazi aliyoifanya hadi alipostaafu, akatumwa nchi nne kama mwakilishi wetu na nyingine nyingi kama mpatanishi, akipanda ndege mara nyingi kuliko alivyopanda mlima huu wa kuja kwa mama yake. Alifunga ndoa na wifi yetu Vivian tarehe 13 Desemba 1986 kanisani Kilifi, wakajaliwa watoto wawili, Trizah na Kavumbi, na mwaka 1998 wakahamia nyumba yao ya Kibarani, ambayo wengi wenu mmeiona getini tu.

Kipaji chake sitakinyima haki. Mwaka 2009, katika mazungumzo ya kumaliza vita vya watu wa mbali, vikao vilipokwama, aliwaketisha majemadari wawili waliouliana watu wao, akawapa kila mmoja gilasi ya maji, akawafundisha desturi yetu, kwamba mwenye kosa hupiga funda, hulitema chini, kisha hulitaja kosa lake kwa kinywa chake mwenyewe mbele ya watu, na likishatajwa hivyo halitajwi tena na yeyote. Majemadari walitema, mkataba ukatiwa saini, Sanga akavishwa nishani, na sisi huku tukatembea vifua mbele mwaka mzima.

Sasa nafika mwaka 2017, ambao historia ya ofisi imeupita kwa mstari mmoja, usemao kwamba marehemu aliongoza msaada wa kibinadamu kwa nchi jirani. Mvua zilikuwa zimetukimbia, mbuzi walikuwa wakitafuna maboksi, na Kahindi, akiwa mwenyekiti wa kamati ya chakula ya kijiji hiki, alikuwa ameahidiwa mahindi yaliyokuwa ghalani Malindi, akatuambia sote tuvumilie. Siku hizo hizo wakubwa walitaka nchi yetu ionekane mbele ya mataifa kuwa nayo inatoa, haipokei tu, wakamtafuta Sanga, na mabalozi wa kigeni wakalazwa hotelini Mnarani kwenye vitanda vyenye neti nyeupe ili washuhudie. Sanga alimpigia Kahindi simu, akamwambia malori yako tayari, aje na watu wake ghalani Malindi Ijumaa tarehe 17 Februari, wavae vizuri, na yeye aseme neno la shukrani.

Nilikuwepo. Tulikwenda na magunia matupu tukiimba, Kahindi akiwa na koti la marehemu baba, akasimama mbele ya kamera na kusema, "Tunashukuru, chakula hiki kimefika kwa wenye njaa," na tulipomaliza kupiga makofi malori yakaondoka na mahindi yetu kuelekea bandarini Mombasa, yapakiwe melini, tukabaki tumeshika magunia yetu. Jioni hiyo runinga ilisema wakulima wa Magarini wamejinyima kwa ajili ya jirani zao, wakamwonyesha Kahindi akishukuru, na Sanga nyuma yake akitabasamu.

Mlichomfanyia Kahindi baada ya hapo mnakijua, na sisemi wao, nasema nyinyi. Mlisema aliuza chakula cha watoto wenu, mkamwita Kahindi Meli, mkamtoa kwenye kamati na kwenye uzee wa kanisa, posa ya binti yake ikarudishwa, na mkawa mkipita kwake hamwombi hata maji ya kunywa. Kusema kweli, kulikuwa na mtu mmoja tu duniani ambaye neno lake lingeaminika, naye alikuwa Kibarani akipokea barua za pongezi. Nilimfuata nikamwomba aje aseme mbele ya watu kwamba Kahindi hakujua, akanijibu, "Kahaso, nchi haiwezi kuutangazia ulimwengu kwamba sadaka yake ilikuwa ya watu wengine." Nikamuuliza kama Kahindi si mtu wa ulimwengu huu, akatazama saa yake.

Mwaka 2018, tarehe 25 Agosti, wazee waliwaita wote wawili kwenye maji ya kutema. Viti vilipangwa, cha mzee wa kupatanisha katikati, na viwili vya wagombanao vikitazamana, na Sanga alipofika, Mungu anisamehe nikicheka mazikoni, aliketi moja kwa moja kwenye kile cha katikati, akakohoa, akawashukuru wote kwa kuhudhuria, akampa Kahindi nafasi ya kwanza kueleza msimamo wake, na alipoambiwa ahame kiti alisema yeye hana ugomvi na mtu, amekuja kusaidia. Kahindi alichukua kofia yake akaenda zake. Hawakusemezana tena kwa miaka, na kila Desemba gari la Sanga lilipita mbele ya nyumba ya Kahindi vioo vikiwa juu.

Marehemu alishikwa na kiharusi tarehe 3 Juni 2025, akalazwa hospitalini mjini Kilifi, akarudi nyumbani upande wa kulia ukiwa umekufa na akilishwa kwa mpira wa puani, kwa kuwa koo lilikataa kumeza, lakini ulimi ulirudi kiasi cha kuomba taarifa ya habari. Jumapili tarehe 26 Oktoba, Kahindi alikuja Kibarani mwenyewe, bila kuitwa, na wazee wawili. Muuguzi alituonya kwamba maji yasishuke, tukamwahidi ni funda moja tu la kutema, tukaweka beseni. Kahindi alitema, akataja hasira yake yote, akasema imekwisha, akamwinua kaka yake kichwa kwa mkono wake, nami nikamtilia Sanga maji kinywani. Alikaa nayo. Alimtazama Kahindi, akanitazama mimi, akatazama beseni, kisha akayameza.

Koo lililoshindwa na uji wa mtoto kwa miezi minne likayameza maji yale, akapaliwa, alipopata pumzi akauliza kama saa ya taarifa ya habari imefika. Kahindi alimfuta kidevu, akamlaza, akatoka. Mimi nilikasirika, na bado nimekasirika, na nitaizika hasira hii pamoja naye nikiweza. Alifariki tarehe 9 Novemba 2025, saa kumi na moja alfajiri, usingizini.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wa Kibarani na Magarini, wifi yetu Vivian ambaye hakubanduka kitandani kwake, na wafanyakazi wenzake waliotuletea maua mengi kuliko tulivyo na ndoo. Shukrani za pekee kwa mzee Kurbanali wa Malindi, aliyefungua duka lake wiki ile ya mwaka 2017 akatuletea unga bila kuita mpiga picha.

Jana usiku wazee walikaa, wakaulizana deni la kinywa kilichofungwa linalipwaje, na kwa kuwa mimi na Sanga tumenyonya ziwa moja, na Trizah na Kavumbi wameridhia, nimeruhusiwa kutema kwa niaba yake. Gilasi mnayoiona mkononi mwangu si ya kiu. Nimetema, hapa miguuni mwa jeneza, na maneno haya si yangu, ni yake, yamechelewa. Mimi Sanga nilimdanganya ndugu yangu Kahindi, hakujua malori yanakwenda wapi, hakupokea kitu, hakuuza chakula chenu, mimi ndiye niliyekitoa, na nilinyamaza ili nisifiwe.

Limetajwa. Kuanzia sasa, hapa Magarini, atakayelitamka lile jina la Meli amekanyaga maji haya, na wageni wetu wa Nairobi wakaieleze ofisi vyovyote wapendavyo. Kahindi, kaka, toka huko zizini uje mbele, mchanga wa kwanza ni wako, na usipotaka kuutupa hakuna atakayekulaumu.

Nawe Sanga, nimekusemea. Pumzika kwa amani, sasa unaweza.