Kambale Ezéchiel, Muuza Helmeti, Hakuugua

Leo, Jumamosi tarehe 4 Agosti 2018, familia imekusanyika hapa Johannesburg kumzika Kambale Ezéchiel, mume wa Célestine, baba wa Chloé na Hénock. Kabla ya kufika kwenye kuzaliwa kwake, lisemwe jambo moja mapema: Kambale hakuugua. Kamati ya mazishi ilileta wasifu uliokwisha kupigwa chapa, umeandikwa "alifariki baada ya kuugua kwa muda mfupi." Dada yake mkubwa, Masika, aliusoma mara moja, akaukunja, akausukumia chini ya mguu wa meza iliyokuwa ikiyumba. Huu mnaousikia ni wa familia, na anayeusoma ni huyo huyo Masika. Sauti yake ikipanda, mvumilieni. Marehemu alilelewa mgongoni kwake.

Alizaliwa tarehe 11 Machi 1983 mjini Butembo, Kivu Kaskazini, wa pili kati ya wavulana, na kwetu jina Kambale ndilo linalosema hivyo. Baba yao alikuwa fundi wa chukudu, lile gari la mbao la magurudumu mawili ambalo watu wa kwetu hubebea mihogo na makaa. Siku moja, akiwa na miaka tisa, Kambale alichukua sufuria ya mama, akajivika kichwani, akaifunga kidevuni kwa kipande cha kitenge, akateremka na chukudu mlima mzima. Chini akapinduka. Sufuria ilibonyea upande mmoja, kichwa kikabaki kizima. Mama alimchapa kwa ajili ya sufuria, naye huku analia akamwambia, "Mama, heri sufuria." Masika alicheka, akachapwa na yeye.

Alisoma shule ya msingi na sekondari hapo hapo Butembo, akapata diploma ya taifa ya ualimu mwaka 2002, akafundisha darasa la tatu. Alikuwa mwalimu wa kuuliza swali kisha kukaa kimya hadi ajibiwe. Tabia hiyo hakuiacha Kongo. Baadaye iliwachosha wateja wake wengi, na wachache iliwaokoa.

Tarehe 16 Julai 2005 alifunga ndoa na Célestine, msusi, ambaye mkono wake hadi leo unatafutwa na wanawake wa mtaa wa Berea, hapa Johannesburg, kabla ya kila harusi. Chloé alizaliwa mwaka 2007. Mwezi Februari 2009 walifika Johannesburg, wakapanga chumba Berea, pazia katikati, familia nyingine upande wa pili. Hénock alizaliwa hapa mwaka 2013, na mwaka uliofuata wakahamia mtaa wa La Rochelle, hapa hapa Johannesburg. Watoto wote wawili wanasikia Kiswahili vizuri na wanajibu kwa Kiingereza, na baba yao aliwajibu kwa Kiswahili vile vile, basi nyumba ile ilikuwa na kelele za lugha mbili na hakuna aliyepotea.

Kazi yake ya kwanza hapa ilikuwa ulinzi wa duka, Rosettenville. Majira ya baridi ya mwaka 2012 hadi 2014 alikwenda kufanya kazi kwenye mlima wa theluji, kaskazini mwa jimbo la Eastern Cape, katika chumba cha kuazimishia vifaa. Wengi wenu mlimcheka mliposikia kuna Mkongo anawavalisha watu viatu vya theluji. Alicheka pamoja nanyi. Huko alijifunza kidogo kuteleza juu ya theluji kwa ule ubao unaofungwa miguuni, lakini zaidi alijifunza helmeti, na kuanzia mwaka 2015 alikuwa na meza yake Newtown kila Jumamosi, anauza helmeti za theluji kwa watu wasio na pesa za kuchezea.

Hakuwauzia kwanza. Aliwafundisha kwanza. Burhani, mfanyabiashara kutoka Tanga ambaye leo yuko hapa amesimama karibu na geti, alifika mezani akiwa amealikwa na wakwe zake kwenda kwenye theluji, na alijua anachotaka.

"Nipe ile nyekundu yenye chata, kaka. Ya mtumba poa tu, ila ionekane."

"Papa Burhani, nani alikuwa anaivaa kabla yako?"

"Mimi nitajuaje?"

"Na mimi sijue. Basi hatujue kama ilishaanguka."

Akamvua kofia ya sufu, kwa sababu helmeti haipimwi juu ya kofia. Akampima kichwa kwa futi ya cherehani, juu kidogo ya nyusi. Akamvalisha helmeti nyeusi, mpya, isiyo na jina la maana, yenye alama ya usalama imebandikwa ndani. Akamwambia apandishe nyusi, na ngozi ya paji la uso ikasogea pamoja na helmeti. Akamwambia atikise kichwa kama anayekataa kulipa, nayo haikucheza. Akamvalisha miwani ya theluji kuona kama inaacha nafasi ya baridi kupita. Watu walikuwa wamejaa wanatazama, na Burhani alikasirika kweli kweli.

"Sasa mimi nitaonekanaje mbele ya wakwe na kopo hili?"

"Utaonekana muzima," Kambale alisema. "Kwa koti, okoa pesa. Kwa glovu, okoa. Suruali, azima kwa shemeji. Kichwa haina pièce de rechange, haina spea."

Burhani alinunua kopo lile, na bado analo. Kwa wanawake Célestine aliongezea sharti lake: njoo kupimwa na nywele zile zile utakazosafiri nazo, maana helmeti iliyopimwa juu ya rasta nene huchezacheza kichwani rasta zikishafumuliwa. Wateja walizoea kuanzia kwenye kiti cha msusi, kisha ndiyo wanakwenda Newtown.

Na kuna helmeti alizoziita zilizokufa. Ile iliyokwisha kupigwa mara moja kwa nguvu, sponji yake ngumu ya ndani imekwisha kubonyea, haina kazi tena, hata kama nje inang'aa. Watu walimletea kama mtumba. Yeye alizinunua kwa bei ya kutupa na kuzivunja kwa nyundo mbele ya macho yao, ili zisirudi kichwani kwa mtu. Walimwona kichaa.

Sasa sikilizeni vizuri, hasa ninyi wa kamati.

Mwezi Desemba 2017 Shemasi Jacques, mwenyekiti wa kamati ya safari za kanisa na mwenyekiti wa kamati hii ya mazishi, alimkuta Kambale na gunia la helmeti zilizokufa, kabla hazijavunjwa. Maneno yao Célestine aliyasikia kwa masikio yake.

"Ezéchiel ndugu yangu, usizivunje. Tunakosa kofia za askari wa Herode. Ni za théâtre ya Noeli tu."

"Kwa théâtre, sawa. Ku kichwa ya mutu mwenye anateremuka, hapana. Zilishakufa."

"Nimesikia, mwalimu."

Kambale alichukua kisu, akakata alama ya msalaba ndani ya kila moja kwenye ile sponji nyeupe, akampa. Askari wa Herode walipendeza sana katika igizo la Noeli ile. Masika ana hasira na mdogo wake pia, na anasema wazi mbele ya jeneza lake: angezivunja. Alimwamini shemasi, na hilo ndilo kosa lake lote.

Kanisa letu linapenda sare. Harusi ina kitenge chake, kilio kina kitenge chake, kwaya ina bluu yake. Ilipopangwa safari ya vijana na kwaya kwenda mlimani kwenye theluji, upande wa Eastern Cape kwa sababu wengi wetu karatasi zetu hazituruhusu kuvuka kwenda Lesotho, kamati iliamua helmeti nazo ziwe za sare. Kambale alijitolea kuwatafutia mpya za bei nafuu, moja moja, kila kichwa na kipimo chake. Akaambiwa asijisumbue, zimepatikana. Zilikuwa zimepatikana stoo, za Herode. Zikapakwa bluu ya kwaya, nyufa zikafunikwa. Ndani zikashonewa satini nyeupe, mkono safi wa fundi, na hakuna mtu aliyeuliza chochote, kwa sababu zilikuwa nzuri. Sisi ni watu wa saluni na cherehani. Kitu kikishonwa vizuri tunakiamini.

Jumamosi tarehe 21 Julai basi lilifika mlimani. Helmeti ziligawiwa pale pale, na watoto wepesi wakawa wamekwisha kupanda kwa kamba ya mashine inayovuta watu hadi juu, Chloé akiwa mmoja wao. Kambale alichukua moja iliyobaki, akaibonyeza kwa kidole gumba, akaona inabonyea. Akachana satini. Ndani kulikuwa na msalaba wake.

"Jacques! Hizi njo zile za Herode!"

"Tulizipaka rangi tena, ziko propre, safi kabisa."

"Propre? Minakuuliza kama ziko nzima!"

"Eish, Ezéchiel. Watu walisafiri usiku muzima. Usituharibie siku."

Hayo waliyasikia watu wengi wa kwaya. Wako hapa. Wanatazama viatu vyao.

Kambale hakungoja kubishana. Alipanda hadi juu na helmeti yake mwenyewe kichwani, nyeusi kama ya Burhani. Chloé amesimulia kilichofuata, kwa Kiingereza, na Masika anakitoa kama alivyokipokea. Baba alimvua ile ya bluu, akamvalisha ya kwake, akavuta mkanda hadi kidole kimoja tu kiweze kupita. Akamwambia avue ubao, watashuka kwa miguu, pembeni kabisa. Ile ya bluu akajivika yeye, kwa kuwa pale juu hakukuwa na nyingine. Wakashuka wameshikana mikono, akawa anawapigia kelele watoto wengine wakae chini kwenye theluji, wasisogee. Baadhi walikaa. Mwimbaji mmoja wa kwaya, mtu mzima asiyejua kusimama na ubao wake, akaja kwa kasi kutoka nyuma. Kambale alimsukuma Chloé upande, akapigwa yeye. Alianguka kisogo juu ya barafu ngumu. Helmeti ya bluu ilipasuka vipande viwili, pale pale rangi ilipokuwa imeziba ufa. Yule mwimbaji hana lawama kwa familia hii. Aliambiwa ateremke, akateremka.

Kambale alipelekwa hospitali ya mji wa karibu, kisha akahamishiwa kubwa zaidi. Madaktari walifanya walichoweza. Hakuzinduka. Alifariki Jumanne tarehe 24 Julai 2018, akiwa na umri wa miaka thelathini na mitano, Célestine akiwa amemshika mkono. Ilibidi Masika apige simu Butembo kumwambia mama, na mama aliuliza kitu kimoja tu: kama alikuwa amevaa kitu kichwani. Masika alijibu ndiyo, akakata simu, akakaa sakafuni.

Siku ya tatu ya matanga Shemasi Jacques alikuja na biskuti na ule wasifu wake.

"Mama Masika, tuandike tu ugonjwa. Tusilete mapalabre, ugomvi, ku kilio. Mungu alimupenda kutupita."

"Shemasi, ni Mungu njo alipaka rangi?"

"Usiseme hivyo, mama. Ni mapenzi yake."

"Na zingine ziko wapi?"

Alinywa chai. Ilibidi Célestine aulize kwa wanakwaya, ndipo ikajulikana kwamba zimerudi stoo ya kanisa, na kwamba Alhamisi hii inayokuja, tarehe 9 Agosti, sikukuu ya wanawake hapa Afrika Kusini, basi lile lile linapeleka watoto wa shule ya Jumapili mlima ule ule. Familia ilikwenda kwa kamati kuomba helmeti zile zitolewe stoo zikavunjwe. Kamati ilijibu kwamba safari imekwisha kutangazwa, na kwamba safari hii helmeti zitaombewa kwanza. Masika ameomba maisha yake yote na ataendelea kuomba, lakini sponji iliyobonyea haisikii sala, na mtu mzima anayesema inasikia anawadanganya wazazi wa watoto hao. Ndiyo maana neno "kuugua" halikupita. Mgonjwa anazikwa na mambo yanaisha. Huyu akizikwa kama mgonjwa, Alhamisi watoto watazivaa.

Marehemu alipenda maharage yaliyoungua kidogo chini, alipiga miluzi vibaya, na alimpigia mama yake kila Jumapili bila kukosa. Alikuwa baba mwema. Familia inawashukuru majirani wa La Rochelle, wasusi wenzake Célestine, na Burhani, aliyekesha na sisi ingawa si wa kanisa letu.

Ameacha mama huko Butembo. Ameacha mjane, Célestine. Watoto wawili, Chloé na Hénock. Dada yake Masika, na mdogo wao Placide. Ameacha pia helmeti kumi na tatu za bluu, zimepangwa vizuri stoo ya kanisa nyuma ya ngoma, kila moja na msalaba wake chini ya satini. Wazazi mlioandikisha watoto, nendeni mkachane muone.

Mlango wa stoo umefungwa kwa kufuli, na ufunguo uko mfukoni mwa Shemasi Jacques, aliyesimama sasa hivi upande wa kichwa cha jeneza. Vijana walioshika kamba za jeneza wameombwa na familia wasiteremshe chochote. Kumtakia Kambale pumziko ni haki ya mke wake, naye Célestine atatamka maneno hayo ufunguo ukishakuwa mkononi mwake. Mkono wake huu hapa, umenyooshwa. Tunakusubiri, Shemasi.