Mama Mwani, Aliyeipima Ghuba kwa Mwangwi

Jina lake kamili mmeliona kwenye jalada la kijitabu hiki, chini ya picha aliyoikubali baada ya kuzikataa nyingine zote. Hapa mjini wengi mlimwita Mama Mwani. Mimi nilimwita Wifi tangu alipoolewa na kaka yangu, na kwa ruhusa yenu nitamwita hivyo leo pia, maana nikijaribu jina lingine ulimi utagoma.

Wifi alizaliwa tarehe 14 Machi 1958, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya posta, akiwa mtoto wa pili wa fundi cherehani na mkewe aliyekuwa mwendesha simu. Baba alishona magauni, na kazi ya kuyapeleka kwa wateja ilimwangukia Wifi kwa sababu alikuwa hapotei njia. Alipokuwa darasa la tatu akaugua surua, ikabidi dada yake mkubwa atumwe badala yake. Wifi, kitandani na vipele vyake, akamchorea dada yake ramani ya mitaa yote ya jirani. Kila nyumba yenye mbwa aliiwekea maelezo. Moja iliandikwa "mbwa mkali", nyingine "mbwa mzee, mpite tu", na nyumba ya muuza viatu iliandikwa "mbwa mnafiki", kwa sababu yule alikuwa anatingisha mkia kwanza ndipo anauma. Dada yake, ambaye yuko nasi leo, anasema magauni yote yalifika salama, na yeye pia.

Alianza shule ya msingi mwaka 1965 na kuendelea na sekondari ya wasichana ya bweni mwaka 1972. Alipenda hesabu na jiografia. Ushonaji aliuchukia waziwazi, jambo ambalo baba yake hakulizoea mpaka mwisho wa maisha yake. Mwaka 1976 alijiunga na chuo cha ufundi kusomea upimaji ardhi. Darasani kwao msichana alikuwa yeye peke yake, na mwalimu wa vitendo alikuwa akifungua kila kipindi kwa kusema, "Haya, mabwana." Wifi alimaliza mwaka 1979 akiwa bwana wa tatu kwa alama.

Mwaka 1980 aliajiriwa na halmashauri ya mji kupima viwanja na barabara. Mwaka 1986 idara ya bandari ilimwazima ili asaidie kupima kina cha maji, na haikumrudisha. Ilikuwa ajira ya ajabu kwake, kwani hakujua kuogelea, na boti ilimchafua tumbo kila ilipoondoka gatini. Nahodha wake, ambaye sasa ni mstaafu, anasema Wifi alikuwa akitapika kwa adabu. "Anasema samahani, anageukia upande usio na upepo, anamaliza, anajifuta mdomo, halafu anauliza: tuko kina gani?"

Boti hiyo hiyo ndiyo iliyomletea mume. Siku moja mwaka 1988 injini ilizimika katikati ya ghuba, akaitwa fundi wa injini za boti, ambaye ndiye kaka yangu. Kaka akainua injini, akaangalia propela, akachomoa fungu la mwani lililojisokota pale.

"Dada," alimwambia, "injini yako ni nzima. Tatizo lako ni saladi."

"Kama ni saladi," Wifi akajibu, "kula."

Kaka akatafuna kidogo mbele yake, akameza. Alikuja kuniambia nyumbani kwamba alikuwa amekutana na mwanamke ambaye hakucheka hata kidogo, na kwamba atamwoa. Walifunga ndoa tarehe 2 Desemba 1989, wakajaliwa binti mwaka 1991 na mtoto wa kiume mwaka 1994. Mimi nilipopata kazi ya ualimu mjini nilihamia kwao kwa miezi michache ya kujitafutia chumba. Nilikaa miaka. Wifi hakuwahi kuniuliza naondoka lini. Alichoniuliza ni kwa nini nakunja shuka vibaya.

Sasa nifike kwenye kazi iliyompa jina. Nyote mnaikumbuka ghuba yetu ilivyokuwa miaka ile. Mwani mwembamba wa kijani ulitanda kila msimu wa joto, ukapwelewa ufukweni, ukaoza. Harufu ilipanda mpaka shuleni kwetu, tukawa tunafundisha madirisha yamefungwa. Mikufu ya fedha iligeuka myeusi shingoni mwa watu. Watoto waliacha kuogelea. Na kaka yangu, ambaye karakana yake ilikuwa pale pale gatini, alikuwa akichomoa mwani kwenye propela kutwa nzima huku akisema maneno ambayo sitayarudia mahali hapa.

Mwaka 2009 halmashauri iliamua kukodi mashine ya kukwangua ghuba nzima, mwanzo hadi mwisho. Wifi aliomba kwanza apewe muda aipime. Wakamkubalia kwa shingo upande.

Alifunga sona ubavuni mwa boti ndogo yenye tumbo bapa. Ni kifaa kinachotuma mlio kuelekea chini na kusikiliza mwangwi unaporudi. Mlio ukigonga tope tupu unarudi kwa namna yake, ukigonga mimea unarudi kwa namna nyingine, na kwenye skrini unaona mimea ina kimo gani na imesongamana kiasi gani. Boti inabidi iende mstari mmoja, igeuke, irudi sambamba na ule wa kwanza, hivyo hivyo kama mtu anayepiga deki ukumbi mkubwa. Na kwa kuwa propela ilikuwa inanaswa mara kwa mara, ilibidi boti iendeshwe na fundi. Fundi mwenyewe ni nani? Ni mume wake.

Niliwahi kupanda nao siku moja, sikurudia.

"Nyoosha," Wifi alikuwa akisema, macho kwenye skrini.

"Nimenyoosha."

"Mstari wako umepinda kama mkia wa paka."

"Paka gani? Mimi naendesha, wewe unatazama televisheni!"

Ramani ilipokamilika ilionyesha kitu ambacho hakuna aliyekitarajia. Mwani kero ulikuwa umejaa sehemu tatu tu, na pabaya zaidi palikuwa mbele ya bomba la zamani la majitaka. Kijani kingine chote kilichoonekana kutoka ufukweni, karibu nusu ya ghuba, kilikuwa nyasi za baharini, ambamo samaki wadogo hujificha na kukua. Mashine ile ikipita huko, alisema, tutabaki na tope.

Mkutano wa wakazi ulifanyika Jumamosi, tarehe 17 Oktoba 2009, katika ukumbi wa halmashauri. Wifi alieleza ramani yake vizuri. Kisha mwenyekiti akauliza kama kuna swali, na mafundi wa boti wakamsukuma mbele msemaji wao. Kaka akasimama.

"Mheshimiwa mtaalamu," alisema, na ukumbi wote ukaanza kucheka kabla hajaendelea. "Mimi nimekuwa kwenye boti hiyo hiyo. Nimeona kijani. Mbele kijani, nyuma kijani. Wewe ungejuaje kipi ni kipi, na hujawahi kuchovya hata kidole huko chini?"

Watu walipiga makofi. Wifi alikunja ramani yake taratibu. Alisema jambo moja tu, kwamba swali ni la haki, na kwamba anaomba mkutano uahirishwe kwa wiki moja ili alijibu. Mwenyekiti akakubali.

Wiki ile nyumbani walizungumza kupitia mimi. "Mwambie kaka yako chakula tayari," na kaka yangu amekaa pale pale mezani. "Mwambie wifi yako nimesikia." Watoto walikula wakiangalia sahani zao. Nilimwona Wifi ameinama kwenye sinki, anasugua sufuria ambayo ilikuwa imeshatakata, nikamgusa bega. Akaniambia, "Akisema mtu mwingine nisingejali."

Jumatano asubuhi akamfuata kaka karakanani, akaweka miwani ya kuzamia juu ya meza ya spana.

"Mimi siwezi kuzamia," alimwambia. "Wewe unaweza. Nitakupeleka popote utakapochagua kwenye ramani. Nitakuambia kilichopo chini kabla hujashuka. Nikikosea, nitawaambia wakwangue yote."

Kaka alichagua mahali mara kadhaa, huku na kule, akijaribu kumtega. Kila alipotoka majini alikuta alichoambiwa. Mwisho akaibuka na fungu mkono huu na fungu mkono ule, akayabwaga botini. "Haya. Yote kijani."

"Nusa."

Akanusa. Moja lilikuwa linanuka na liliteleza kama makamasi, halina mzizi wala shina. La pili lilikuwa na majani marefu na mizizi iliyoshika tope, na kati ya majani kulikuwa na samaki mdogo wa ukubwa wa ukucha anarukaruka. Kaka alimchukua kwa viganja viwili, akamrudisha majini.

Jumamosi iliyofuata alisimama tena mbele ya ukumbi ule ule. Nilikuwa nimekaa karibu na Wifi. Kaka akasema:

"Nimeshuka chini nimeona kwa macho yangu. Mke wangu yuko sahihi, mimi nilikosea. Naomba liandikwe kwenye kumbukumbu za kikao, kwa sababu nyumbani sitalirudia."

Hiyo ndiyo siku ya kwanza niliyomwona Wifi akicheka hadharani mpaka machozi.

Mashine ilikwangua sehemu zile tatu tu. Mwaka 2012 bomba la majitaka lilijengwa upya, harufu ikapungua, na watoto wenu wengi wamejifunza kuogelea pale. Lakini Wifi asingenisamehe kama ningeishia hapo. Kwenye pembe ya magharibi alikuwa amekosea. Pale mwani ulikuwa umelala juu ya nyasi changa na sona haikuzitenganisha, wala kaka hakupachagua siku ile ya kuzamia. Mashine ikang'oa vyote. Aligundua mwenyewe mwaka mmoja baada ya ukwanguaji, alipopima upya, akaenda moja kwa moja kwa mwenyekiti kusema kosa ni lake.

"Lakini nani ataona, mama?" mwenyekiti alimwambia kwa wema. "Ni chini ya maji."

"Samaki wameshaona," Wifi akajibu.

Kila mwaka baada ya hapo alirudi kwenye pembe ile, yeye na kaka, mpaka alipostaafu mwaka 2018, na hata baada ya kustaafu. Nyasi zilirudi polepole kutoka pembeni. Katikati palibaki uchi. Mtaalamu aliyechukua nafasi yake alimletea picha ya sona mwezi Februari mwaka huu, Wifi akaitazama kwa muda mrefu, akasema, "Bado." Kisha akamwonyesha aanzie wapi mwakani.

Alianza kuugua mwaka 2021. Alikuwa akiishiwa pumzi kwenye ngazi, akadai ni ngazi zilizojengwa vibaya, akazipima, na kweli zilikuwa zimejengwa vibaya. Hata hivyo hospitali ilithibitisha kuwa moyo wake umepanuka na hausukumi damu inavyopasa. Alipopigwa picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti alimwomba mhudumu amgeuzie skrini. "Punguza mwendo, mwanangu," alimwambia. "Unaruka mistari." Mhudumu yule alizoea kumwita mwalimu, na kila Wifi alipofika kliniki alitoka mwenyewe kumpokea mlangoni. Tunawashukuru madaktari na wauguzi wote kwa kumvumilia mgonjwa aliyetaka kujua kila kipimo kimepatikanaje.

Miezi ya mwisho alikuwa nyumbani. Binti yake alirudi kuishi nao, na mwanawe alikuja kila mwisho wa wiki. Kaka alifunga karakana. Alijifunza kumchana nywele, kazi aliyoifanya kwa uangalifu mkubwa na matokeo mabaya, na Wifi hakumruhusu mtu yeyote azirekebishe.

Asubuhi ya Alhamisi, tarehe 9 Mei 2024, baada ya chai, kaka alikaa kando ya kitanda akimsomea gazeti. Alimsomea matangazo ya viwanja vinavyouzwa, ambayo Wifi aliyapenda kuliko habari zote kwa sababu vipimo vyake havikuwa vikijumlika, na alikuwa akiyakosoa moja baada ya jingine. Kaka akasoma la kwanza, Wifi akakikosoa kiwanja. Akasoma la pili. Akasoma la tatu, akaona kimya. Akalisoma tena kwa sauti kubwa zaidi. Kisha akakunja gazeti, akamshika mkono, akatuita.

Wifi ameacha mume, fundi wa boti, aliyeishi naye kwa miaka thelathini na minne, binti mmoja na mtoto mmoja wa kiume, mkwe, wajukuu wawili, mdogo akiwa amezaliwa Machi na kupakatwa naye, dada yake mkubwa, na wenzake wote wa bandarini. Ameniacha na mimi. Mama yetu alizaa wavulana, na msichana ni mimi peke yangu, na utoto wangu wote nililia nikitaka dada. Nilikuwa mtu mzima, mwalimu mwenye barua ya ajira mkononi, nilipofunguliwa mlango wa nyumba ile na mwanamke aliyetazama begi langu, akasema, "Ingia. Kitanda chako nimekiweka upande wa dirisha."

Pumzika, dada yangu. Amani iwe nawe.