Abdulaziz Hemedi na Mlinzi Aliyesingiziwa

Mmeniletea kalamu msibani, mnasema Bi Mboni andika wewe historia ya marehemu, kana kwamba ukoo huu wenye walimu wawili na karani wa wilaya hauna anayejua kuandika ila mimi wa ngumbaru, niliyejifunza kusoma ukubwani. Sababu naijua, kila mmoja anaogopa kufika pale kwenye ugonjwa. Haya, nimeandika. Hussen, mwanangu, soma kama ilivyo, usinirembee.

Marehemu Abdulaziz Hemedi alizaliwa tarehe 14 Machi 1989 hapa Kisarawe, mtoto wa pili wa mwanangu Hemedi aliyekwisha kututangulia, alikuwa mtoto wa kulialia na mzito wa kutumwa. Alianza darasa la kwanza mwaka 1997, mwaka uliofuata akaingia jandoni pamoja na baba yake mdogo Mwishehe, mwanangu wa mwisho, aliyemzidi miaka minne tu, ngariba mmoja, kisu kimoja. Alimaliza la saba mwaka 2003, sekondari akafika kidato cha pili, na wanaosema aliacha kwa kukosa ada wanampamba, alifeli.

Mwaka 2006 alikwenda Kongowe ya Kibaha kujifunza kuchomelea, mwaka 2012 akafungua karakana yake mwenyewe hukohuko Kongowe kando ya barabara, na mageti mengi ya nyumba mpya mnazoziona Soga tangu reli ifike ni mkono wake, geti la Abdulaziz halikuwa na kelele. Pale karakanani aliweka ndoo ya maji na kikombe cha bati, mteja na mpita njia wote walinywea hicho.

Tarehe 5 Septemba 2015 alimwoa Fadhila binti Salehe wa Mlandizi, wakajaliwa watoto wawili, Rahma mwaka 2016 na Yasmin mwaka 2019.

Sasa ugonjwa. Julai 2021 alikwenda kumtolea damu jirani aliyefanyiwa upasuaji, akaambiwa damu yake haifai, ina virusi vya homa ya ini, aina B. Nilikwenda naye kwa Dokta Laurean, nikamwambia daktari mimi sikusoma, nieleze kama unamweleza mpishi. Akasema kila chembe ya ini ni nyumba yenye mlinzi wake, kirusi kikiingia mlinzi anakibana, kinakaa humo kimya, hakizai. Lakini kirusi kina protini yake moja ndogo, hata jina la maana haina, wanaiita X. Hiyo haimpigi mlinzi, inamshika mkono inampeleka kwa wafagiaji wa nyumba ileile, kama kuwaambia huyu ni taka, nao kwa mikono yao wenyewe wanamkatakata na kumtupa. Nyumba inabaki bila ulinzi, kirusi kinatoa nakala juu ya nakala, ini linaota makovu, na miaka ikipita chembe nyingine zinakosa adabu ya kukua, zinageuka saratani. Nikamuuliza, dawa inakitoa? Akasema, "Hakitoki, bibi. Inakizuia kisizae tu. Ameze kila siku, asiache."

Kuhusu alikoupata, daktari alisema hawezi kuapa, huenda ni utotoni, huenda ni kile kisu cha jandoni, ila kwa kikombe hauambukizi.

Vidonge hivyo wanavimeza na wenye Ukimwi, dirisha moja la dawa hospitali, kopo moja. Mei 2022 Mwishehe alimwona Abdulaziz dirishani, hakuuliza, akaenda moja kwa moja kwenye kijiwe cha kahawa Kongowe akasema, "Fundi wenu kakanyaga miwaya, ana Ukimwi, kopo nimeliona kwa macho yangu." Hapo ndipo nilipoielewa ile protini. Mwishehe hakumgusa Abdulaziz hata kwa kidole, alimkabidhi tu kwa wafagiaji, na wafagiaji ni ninyi mliokaa kwenye mikeka hapa. Wateja walianza kuja na maji yao ya chupa, halafu hawakuja kabisa, na Desemba wakwe wakaja kumchukua Fadhila na watoto, ingawa wote watatu walikwisha kupimwa, hawana kitu, na wamechanjwa.

Januari 2023 Abdulaziz alimwaga vidonge chooni, akaliweka kopo tupu juu ya meza ya kazi watu walione, akasema, "Haya, situmii tena, ingekuwa Ukimwi ningekonda, mbona nanenepa?" Na kweli alinenepa. Ini halipigi kelele, mjinga yule.

Oktoba 2024 macho yaligeuka manjano, tumbo likajaa maji, Fadhila akarudi kwa miguu yake bila kumwomba mtu ruhusa, na daktari akasema ni saratani, imeshaenea, hakuna cha kukata. Alifariki Jumatatu, tarehe 9 Juni 2025, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na miaka thelathini na sita.

Tunamshukuru Dokta Laurean na wauguzi wake, tunawashukuru majirani wa Kisarawe waliotuchotea maji, na mafundi wenzake wa Kongowe mliofika leo, ingawa kufika leo ni rahisi kuliko kunywea kikombe chake juzi. Fadhila, shukrani zako nitakupa mwenyewe. Abdulaziz, mjukuu wangu, pumzika, kazi umeshaikabidhi.

Hussen, soma na hili, nimeliongeza sasa hivi. Watani zetu Wanyamwezi wamelishika jeneza uani, kama ilivyo haki yao, halitoki mpaka walipwe. Mwishehe akatoa noti, mtani Evance akamrudishia, "Weka hela yako, bwana mkubwa. Lete kopo." Maana Februari mwaka huu ukoo mzima tulipimwa, Mwishehe akakutwa nacho, kirusi kilekile, ini limeshaanza makovu, akapewa vidonge vilevile, akawa anavificha kwenye debe la mchele. Evance nilimwambia mimi. Mwishehe akalia, watani wakakaa chini, jeneza wamelikumbatia. Akalileta kopo, akameza mbele ya watu wa kijiwe chake, akasema, "Ndivyo hivihivi vya Abdulaziz. Si Ukimwi. Nilisema uongo." Watani wakaachia.

Kikombe alichonywea Mwishehe vidonge amekiacha ukingoni mwa baraza, karibu na mtungi. Jua kali, watu wana kiu, na hakuna aliyekigusa, wala mimi sikukiinua.