Mwalimu Kefa na Unga Uliogomea Maji ya Kisima

Ndugu wote mliofika kumsindikiza Mwalimu Kefa Gabrieli, familia inawaomba msione aibu kucheka pale panapochekesha, maana marehemu mwenyewe asingejizuia.

Alizaliwa Kinampanda tarehe 12 Juni 1926, akasoma huko na baadaye Kiomboi, akapata cheti cha ualimu mwaka 1947, na baada ya Uhuru akapelekwa kozi ya sayansi, akarudi na mapenzi ya kemia yaliyowachosha hata walimu wenzake.

Septemba 1974, watu walipohamia kijiji hiki cha Ujamaa, bwana misitu alimwachia pakiti mbili za unga wa kiwandani, kila moja na aina yake, ambao ukilowa huvimba na kushika maji kwenye mizizi, naye Mwalimu akawaahidi wanakijiji kwamba miche yao mia nne haitakufa kwa kiangazi. Jumamosi tarehe 5 Oktoba, mbele ya mkutano mzima, alimwaga kijiko cha pakiti ya kwanza, iliyosifiwa zaidi, kwenye ndoo ya maji ya kisima, unga ukazama ukatulia, watu wakacheka hadi wakashika mbavu, na Mwalimu akarudi nyumbani akiwa hana jina wala tumaini la miche.

Aliyemwokoa ni Yustina, mjane aliyepika shuleni, aliyemwambia, "Mwalimu, maji haya hata maharage hayaivi, sembuse huo unga wako?" Mwalimu akajaribu maji ya mvua aliyokuwa ameyaweka akiba, kijiko kimoja kikajaza sufuria. Ndipo akaelewa kwamba unga ule uliundwa kwa asidi nyingi iliyotiwa sodiamu, ndiyo maana ulikuwa na kiu kubwa, lakini chokaa iliyomo katika maji ya kisima ilizifunga nyuzi zake ndogo zisizoonekana pamoja kama mzigo wa kuni, maji yakakosa pa kuingia, ilhali unga wa pili, usio na asidi hiyo, ulikunywa kidogo bila kujali chokaa. Jumatatu alisimama mkutanoni, akakiri kwamba amekosea na kwamba Yustina alijua kabla yake, akatumia unga wa pili, na miche mia tatu na kumi na mmoja ikapona.

Mwalimu na Yustina walifunga ndoa tarehe 26 Julai 1975, Mwalimu akiwa na miaka arobaini na tisa, wakamlea Raheli, binti wa Yustina, na mwaka 1976 wakampata Antipasi.

Mwezi Juni mwaka huu aliugua figo, akalazwa Kiomboi, akafariki asubuhi ya tarehe 9 Agosti 1984.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, walimu wenzake, na majirani, hasa wale waliocheka kuliko wote Jumamosi ile, ambao leo ndio wameng'ang'ania kubeba jeneza lake.

Kengele imegongwa, Mwalimu wetu, pumzika kwa amani.