Ukiinua Mkono, Umenunua

Treni ya asubuhi ilikuwa imejaa nusu. Mbele yangu mama mmoja alisikiliza habari kwenye simu, kwa sauti iliyotunufaisha behewa zima: mafuta yamepanda, sarafu yetu imeshuka, wanasiasa wamekorofishana tena. "Basi leo nauza hisa za marehemu baba," akasema.

Mzee wa pembeni yake akageuka, ingawa hakuulizwa. "Usiuze kwa hofu, mwanangu. Nilikuwa dalali wa hisa enzi za ukumbini, hisa zilipouzwa kwa kelele na ishara za mikono. Mafuta yakipanda tulikuwa tunapayuka mpaka sauti zinakauka, waziri akijiuzulu tunanyamaza kama msibani, kesho yake tunataniana. Siku hizi kila mtu anaogopa peke yake na simu yake."

"Utani haujazi tangi la gari, mzee wangu."

"Kweli. Lakini ukumbini ukiinua mkono, umenunua. Kuna fundi saa mmoja alikuja kutazama tu, akampungia rafiki yake, akajikuta na hisa za kiwanda cha saruji! Kabla kigugumizi hakijamwachia akatae, biashara imeisha."

Mama akazima simu. Behewa nalo likapumzika. "Huyo ni baba yangu," akasema. "Sisi alituambia alitafakari mwaka mzima kabla ya kuzinunua."

Walicheka mpaka treni ikasimama. Mama akashuka, na kama alikwenda kuuza sijui. Kutoka nje akapunga mkono. Mzee akainua wake nusu, akasita, kisha akampungia kwa mikono yote miwili, kama mtu anayenunua soko zima.