Ushuru wa Kiingereza wa Mzee Ndunda

Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba 2025, Mzee Ndunda Kisilu anastaafu baada ya kuitumikia shule yetu miaka ishirini na tisa. Ishirini na saba kati ya hiyo alikuwa bawabu langoni, akiwajua wachelewaji wote kwa majina. Mimi, mwalimu wa Kiingereza, ni mmoja wao.

Aliitamani kazi ya mtunza stoo na hakuficha. Kikwazo kilikuwa cheti: ilitakiwa C ya Kiingereza katika KCSE, mtihani wa Kidato cha Nne, naye aliishia Kidato cha Pili. Mwaka wa 2019 alifanya mtihani, akapata D. Alidai kilichomwangusha ni vile vitenzi vyenye vijineno nyuma: look after, look into, look up to.

Hapo ndipo alipoanza kututoza ushuru. Aliyechelewa, awe mwanafunzi au mwalimu, hakupita mpaka atoe kitenzi kimoja na sentensi yake, naye akiandike daftarini. "Mwalimu, leo uko na gani?" ndiyo iliyokuwa salamu yake. Cha jana hakukipokea. Bwana Reuben wa Hesabu alianza kuamka mapema kwa sababu vilimwishia. Mimi niliyesomea lugha hii chuo kikuu niliwahi kusimama nje dakika tano nzima, wanafunzi wangu wakinipita.

Alivitumia papo hapo, pengine kwa haraka mno. Kitabu cha lango bado kinasema naibu mkuu wa shule "broke down at the gate and was pushed by six boys." Lililoharibika na kusukumwa na wavulana sita lilikuwa gari lake. Naibu alicheka na kukataa ukurasa huo usahihishwe.

Mwaka wa 2022, akiwa na miaka hamsini na saba, alirudia mtihani. Baadhi yetu tulimwonea huruma. Alipata B, akawapita wanafunzi wangu thelathini na wawili, jambo ambalo bado linaniuma na kunifurahisha. Mwaka uliofuata nafasi ya stoo ilitangazwa tena, akaipata.

Tulisikitika kwamba alihangaika hivyo kwa kazi ya miaka miwili tu. Yeye hakusikitika. Wiki jana aliniletea barua yake ya kustaafu nimsomee, ingawa anaisoma vizuri mwenyewe. Alitaka nifike kwenye mstari wa cheo: Mtunza Stoo.

Asante, Mzee Ndunda. Tunakutakia afya njema na mvua ya kutosha huko kwenu Masii. Kila tutakapokutaja hapa, tutakutaja kwa cheo hicho.